Idadi ndogo ya wateja: kisa cha kibodi ya kipepeo

"Mtej nllmik kwmb merudishiw kompyut ileile mbovu."

Hiyo ni sentensi ya Kiswahili iliyopigwa kwenye kibodi ambayo herufi A imekufa. Mwenye kuandika Kiingereza akipoteza A anaweza kuungaunga akaeleweka. Sisi tumekwisha, maana hakuna sentensi yetu inayovuka mstari bila A kumi.

Mwishoni mwa Machi 2019, Joanna Stern, mwandishi wa teknolojia wa gazeti la Wall Street Journal, alifanya mchezo kama huo kwa Kiingereza. Aliandika safu yake huku akiziacha E na R zipotee kama zilivyokuwa zikipotea kwenye MacBook yake, kompyuta mpakato ya Apple. Msomaji alisoma huku macho yanamuuma, akaelewa kero ilivyo bila kuelezwa. Kampuni ya Apple ikajibu kwamba inafahamu kuwa idadi ndogo ya watumiaji wanapata matatizo na kibodi ya kipepeo ya kizazi cha tatu, na kwa hilo inaomba radhi. Ikaongeza kwamba walio wengi sana wanaifurahia.

Riziki yangu ni kibodi. Nauza za kuchomeka, za kawaida na zile zenye springi chini ya kila kitufe, ambazo wapenzi wake wanabishania mlio wa kitufe kama watu wanavyobishania pilau ya nani tamu. Kwa hiyo maneno "idadi ndogo" nayajua kutoka ndani. Nimeyasema mwenyewe nikiwa nyuma ya kaunta, mteja ameshika boksi mkononi, nami nikimwambia kwa upole, "Kaka, nimeuza nyingi za aina hii, wewe ndiye wa kwanza kurudi." Kisa cha Apple nimekifuatilia muda mrefu kwa sababu hiyo. Si kwamba naifurahia aibu ya mkubwa. Ni kisa ambacho kila hatua yake iko wazi, kuanzia siku kibodi ilipotambulishwa jukwaani mpaka siku hundi zilipotumwa kwa posta, miaka tisa baadaye.

Tuanze na kitufe chenyewe. Kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, chini ya kila kitufe kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na katikati yake kuna kikuba cha mpira. Ukibonyeza, mkasi unalala na mpira unabonyea. Ukiachia, mpira unakisukuma kitufe kirudi juu. Machi 2015 Apple ilitambulisha MacBook ya inchi 12, na Phil Schiller, mkuu wa masoko wa kampuni hiyo wakati huo, akasimama jukwaani kueleza kwamba mkasi umepitwa na wakati. Badala yake kulikuwa na vipande viwili vilivyoungana katikati na kufunguka pembeni kama mabawa, ndiyo asili ya jina la kipepeo. Kikuba cha mpira kikawa cha chuma cha pua. Kibodi ilikuwa nyembamba kwa asilimia 40 kuliko iliyotangulia, na kompyuta yenyewe, pale iliponenepa kabisa, ilikuwa milimita 13.1 na uzito wa gramu 920. Mtu aliiinua kwa vidole viwili.

Bei ya wembamba huo ilikuwa safari ya kitufe. Kilishuka kiasi cha nusu milimita hivi, yaani unene wa ukucha wa kidole chako. Hapo ndipo penye mambo. Kitufe kinaposhuka milimita moja na zaidi, kuna nafasi ya uchafu kujificha bila kumsumbua mtu. Chembe ya mkate itakaa kando, unywele utasukumwa pembeni, na mpira, kwa vile ni laini, utabonyea juu yake. Kwenye kipepeo hakuna mpira wa kusamehe. Punje moja ikiingia mahali pake, inafanya kazi ya jiwe chini ya mlango. Kitufe hakishuki, au kinashuka bila kugusa, au kinagusa mara mbili ukapata "mteeja" na "kaazi". Kitufe kikubwa cha kuacha nafasi ndicho kilichowatesa wengi, na kikifa hicho maneno yote yanashikana kama treni.

Oktoba 2016 kipepeo kikaingia kwenye MacBook Pro, kompyuta ya watu wa kazi: waandishi, wahariri wa video, waandika programu. Apple ilikiita kizazi cha pili. Malalamiko yakaanza kukusanyika, lakini kila mmoja akilia peke yake dukani, akiambiwa lake ni lake. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2017, mwandishi Casey Johnston aliandika kwenye jarida la mtandaoni la The Outline jinsi kitufe chake cha nafasi kilivyogoma na jinsi mhudumu wa duka la Apple alivyokisia kwamba labda ni chembe ya vumbi. Makala ile ilisambaa kwa sababu wasomaji waligundua kuwa si wao tu. Kwa muuzaji, siku wateja wanapokutana na kulinganisha boksi zao ndiyo siku kesi inapoanza. Wakili anakuja baadaye sana.

Sasa tazama mteja alielekezwa afanye nini. Apple ilikuwa na ukurasa rasmi wa maelekezo ya kusafisha kibodi hii. Ishike kompyuta kwa mwinuko wa nyuzi 75, isiwe imesimama wima kabisa. Chukua kopo la hewa ya mgandamizo, pulizia kibodi kutoka kushoto kwenda kulia. Igeuze ilalie ubavu wake wa kulia, pulizia tena kushoto kwenda kulia. Igeuze ubavu wa kushoto, rudia. Kulikuwa na michoro yenye mishale.

Nimesoma maelekezo hayo mara nyingi na bado nashindwa kuyamaliza bila kutabasamu. Hiki ni kifaa kinachozidi dola 1,000, na mwenye nacho amekishika kwa pembe ya nyuzi 75 kama anayemcheulisha mtoto. Maelekezo yalikuwa sahihi, mara nyingine punje ilitoka kweli. Ila muuzaji anapoandika ukurasa wa namna hiyo, ameshakiri kimya kimya kwamba anajua punje inaingia. Septemba 2016, kabla hata MacBook Pro hiyo haijafika madukani, Apple yenyewe iliwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya njia za kuzuia uchafu usiingie chini ya vitufe. Maombi yalipotangazwa hadharani Machi 2018 watu wakanyoosha kidole. Mimi sisemi hataza ni ungamo, kampuni kubwa huandikisha kila wazo linalopita. Lakini ukiviweka mezani hivyo viwili, ukurasa wa kopo la hewa na hataza, "labda ni vumbi tu" inageuka kutoka kisingizio kuwa maelezo ya muundo.

Punje isipotoka kwa hewa, kompyuta inakwenda kwa fundi. Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo kosa kubwa lilipokuwa, kubwa kuliko kipepeo chenyewe.

Kibodi hiyo haikufungwa kwa skrubu. Ilipigwa ribiti, makumi kwa makumi ya ribiti ndogo, ndani ya kipande cha juu cha aluminiamu, na kwenye kipande hichohicho betri iligandishwa kwa gundi. Kitufe chenyewe ni kigumu kukitoa, na ukikilazimisha bawa la kipepeo linavunjika. Kwa hiyo duka la Apple lilipopokea kompyuta ambayo herufi moja haishiki, mara nyingi tiba ilikuwa kubadilisha nusu ya kompyuta: aluminiamu, kibodi na betri kwa pamoja. Mwenye waranti aliiacha mashine yake kwa siku kadhaa. Ambaye waranti ilikwisha alitajiwa bei iliyofika dola 700 hivi kwa MacBook Pro. Kwa sababu ya punje.

Mtu asiyeuza vitu anaweza asione uzito wake. Bidhaa zote zina asilimia yake ya ubovu; hakuna kiwanda kisichotoa mbovu. Kinachomfilisi muuzaji, au kumkosanisha na wateja, ni gharama ya ubovu ule ukishatokea. Mimi kibodi ikirudi na kitufe kimoja kibovu, nang'oa swichi moja, nachomeka nyingine, mteja anakunywa soda akisubiri. Ningelazimika kumpa kibodi nzima kila mara, na mimi ningeanza kutafuta sababu za kusema ni uzembe wake, chai yake, mtoto wake. Ugumu wa kutengeneza ndio unaozaa ukaidi wa kaunta. Wahudumu wa Apple hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesimama mbele ya ribiti.

Mwezi Aprili 2018 jarida la AppleInsider lilichapisha takwimu lilizokusanya kwa mafundi: kibodi za MacBook Pro ya 2016 zilikuwa zikirudi katika mwaka wa kwanza karibu mara mbili ya zile za 2014 na 2015. Mwezi uliofuata kesi ya kundi ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho, California ya kaskazini. Juni 22 Apple ikatangaza mpango wa huduma ya kibodi: matengenezo ya bure kwa miaka minne tangu kompyuta ilipouzwa mara ya kwanza, na waliokwisha kulipa kutoka mfukoni warudishiwe pesa.

Nitaisifu hapa, maana si haki kuandika kisa cha upande mmoja. Miaka minne ni mingi. Kumrudishia pesa mtu aliyelipa mwaka jana, ambaye angeweza kusahauliwa, ni jambo ambalo wauzaji wengi tunalikwepa hata kwa elfu kumi. Na dalili ziliandikwa kwa lugha ambayo mteja anaijua: herufi zinajirudia, herufi hazitokei, kitufe kinanata au hakijibu vilevile kila mara.

Ila mpango ulikuwa na tundu mbili. Ya kwanza ni maneno. Tangazo lilifunguka kwa "asilimia ndogo ya kibodi", bila kutaja hiyo asilimia ni ngapi wala sababu ni nini. Ya pili ni kubwa zaidi: ulipoleta kompyuta ya 2016 yenye kipepeo cha kizazi cha pili, ulipewa kipepeo. Umeleta ndoo inayovuja, umepewa ndoo mpya yenye tundu palepale.

Julai 2018 kikatoka kizazi cha tatu. Apple ilisema kibodi mpya ina mlio wa chini zaidi. Kuhusu vumbi, kimya. Mafundi wa iFixit, tovuti inayofungua vifaa na kufundisha kuvitengeneza, walipoifungua wakakuta chini ya kila kitufe kumefunikwa utando mwembamba wa silikoni. Wakamwaga unga wa rangi kuona utafika wapi, na utando ukauzuia kandokando kwa muda. Walipoongeza mchanga, vitufe vikakwama. Baadaye ikavuja hati ya ndani ya Apple, iliyoandikwa kwa ajili ya mafundi wake, ikieleza waziwazi kwamba utando ule ni wa kuzuia uchafu usiingie kwenye kipepeo. Mteja aliambiwa kelele zimepungua, fundi akaambiwa vumbi limezuiwa. Na waliokuwa na kompyuta za zamani walipouliza kama watapata kibodi hiyo mpya wakitengenezewa, jibu lilikuwa hapana.

Naelewa kwa nini ilifanyika hivyo. Kesi ikiwa mahakamani, mwanasheria hataki useme "tumerekebisha", kwa kuwa anayerekebisha amekiri kulikuwa na la kurekebisha. Lakini mteja hasikii ushauri wa mwanasheria, anasikia anachezewa akili. Ndiyo maana safu ya Stern, miezi minane baadaye, iliuma vile: yeye alikuwa na kizazi cha tatu, chenye utando.

Mei 2019 kikaja kizazi cha nne, chenye malighafi tofauti kwenye utando na chuma kilichoboreshwa. Siku hiyohiyo Apple iliziingiza kompyuta zote zenye kipepeo kwenye mpango wa matengenezo, pamoja na hizo mpya ambazo hazijatoka hata kwenye boksi. Wengi walicheka: bidhaa inazaliwa ikiwa na kadi ya kliniki. Mimi naona hapo ndipo walipofanya jambo la maana kuliko yote tangu 2015. Ukimwambia mteja wakati wa kununua kwamba hiki kikisumbua ndani ya miaka minne ni juu yangu, hana haja ya kubishana na wewe kama ni vumbi au ni nini. Lilichelewa miaka minne tu.

Novemba 2019 MacBook Pro ya inchi 16 ilitoka na mkasi. Vitufe vyenye safari ya milimita moja, na kitufe cha Esc, kilichokuwa kimegeuzwa alama ya kugusa tu, kimerudi kuwa kitufe halisi. Machi 2020 MacBook Air ikafuata, Mei ile ya inchi 13, na kipepeo kikaisha bila mazishi. Hakuna aliyesimama jukwaani kusema tulikosea.

Mahakamani mambo yalikwenda taratibu. Apple ilidai kwamba mpango wa bure umekwisha maliza madai, na mwishoni mwa 2019 Jaji Edward Davila wa San Jose akakataa kuitupa kesi. Hoja ya walalamikaji ilikuwa ileile ya ndoo: matengenezo ya bure yanayokurudishia tatizo lilelile si suluhisho. Machi 2021 akaidhinisha kundi la walalamikaji, na ndani ya uamuzi wake zikaonekana barua pepe za ndani ya Apple. Katika mojawapo kiongozi mmoja aliandika kuhusu kibodi hii kwamba hata umpake nguruwe rangi ya mdomo kiasi gani, bado ni mbaya.

Sentensi hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye kaunta yangu. Ndani watu walikuwa wanaongea lugha ya wateja, nje walikuwa wanaongea lugha ya asilimia. "Idadi ndogo" inaweza kuwa kweli kabisa kwa hesabu. Ukiuza mamilioni, asilimia chache ni wachache ukiwagawa kwa wote, na ni umati ukiwasimamisha foleni. Lakini aliyesimama mbele yako hakuuliza wako wangapi. Kwake yeye kibodi moja kati ya moja imeharibika. Ukimjibu kwa kumhesabia wenzake walio salama, umemwambia tu kwamba ana bahati mbaya, na bahati mbaya haina mahali pa kudai.

Julai 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Jaji aliyapitisha maridhiano hayo kwa mara ya mwisho Mei 2023. Waliobadilishiwa kipande cha juu mara mbili au zaidi walikadiriwa kupata kati ya dola 300 na 395, waliobadilishiwa mara moja hadi 125, na waliobadilishiwa vitufe tu hadi 50. Mawakili waliomba hadi milioni 15 katika hizo. Hundi zilianza kufika Agosti 2024. Na fungu lilikuwa la walionunua katika majimbo saba tu ya Marekani: California, Florida, Illinois, Michigan, New Jersey, New York na Washington. Aliyenunua Texas hakuwamo, aliyenunua London hakuwamo.

Wala aliyenunua Kariakoo. Afrika nzima haina duka la Apple lenyewe, kuna mawakala na watoa huduma walioidhinishwa. Kompyuta hizi kwetu zimeingia sana kama mitumba, na ile miaka minne ilihesabiwa tangu mnunuzi wa kwanza, pengine New Jersey, alipofungua boksi. Mashine ya 2017 iliyotua Dar es Salaam mwaka 2021 ilikuja na kipepeo chake na waranti iliyokufa, ikauzwa na risiti yenye mhuri ule tunaoujua wote: mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Sheria haiupendi mhuri huo kama wengi wanavyodhani. Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Tanzania Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 214, nayo inagusa ubora wa kitu kilichouzwa. Ila nani ataifuata mahakama kwa ajili ya herufi A?

Anaifuata meza ya fundi. Fundi anafungua, anatoa betri taratibu isipinde, halafu anazing'oa ribiti moja moja kwa kibano na kuzitia kwenye kifuniko cha chupa. Kibodi ya kubadilishia inatoka China na kipakiti cha skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, za kuchukua nafasi ya ribiti. Hiyo ni kazi ambayo duka lenyewe halikuifanya: kutoa kibodi peke yake na kubakiza nusu ya kompyuta. Kazi ya nusu siku ikiwa mkono ni mzuri, na kesho yake vumbi lipo palepale.

Wengine hawataki hata hiyo. Wanakuja kwangu, wanachagua kibodi ya kuchomeka, wanauliza kama inaingia kwenye USB-C, ile ndogo yenye kingo za mviringo. Ninawapa na kipande cha kugeuzia, maana mashine yao haina tundu la kawaida. Wanaijaribu hapohapo kaunta, kompyuta ya milimita 13 chini, kibodi yangu yenye unene mara mbili yake juu, imelalia vitufe vilivyokufa. Kwenye risiti naandika kwa mkono: kitufe kikigoma ndani ya mwaka, lete.